Maswali Yenu: Mafuta ya Ndege Huhesabiwa na Nani?

Katika toleo lililopita nilieleza kwa aya mbili tu kwa nini ndege huzunguka juu ya Ziwa Victoria jioni za mvua badala ya kutua Entebbe moja kwa moja, na nikadhani nimemaliza. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba wengi wenu hamkuwa na wasiwasi wa mvua bali wa mafuta, na hasa wa ile kompyuta inayosemekana kuyahesabu. Nimechagua barua sita. Baadhi nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaondoa kama walivyoomba.

Swali, kutoka Kitooro, Entebbe: Mzee wetu, mwezi wa nne nilikuwa natoka Nairobi jioni. Tulipokaribia nyumbani ndege ilizunguka juu ya ziwa kwa muda ulionitosha kumaliza rozari nzima, kisha rubani akatangaza kwamba tunarudi Nairobi. Jirani yangu wa kiti alisema mafuta yatatuishia njiani, kwa kuwa tulikatiwa tikiti ya kwenda tu, si ya kwenda na kurudi. Je, ndege ya safari ya saa moja hubeba mafuta ya saa ngapi? Na nani huamua, rubani au kompyuta?

Jibu: Tikiti yako ilikuwa ya kwenda tu, lakini mafuta hayakuwa hivyo. Ndege iliyokubeba ilipoondoka Nairobi ilikuwa na mafuta ya kufika Entebbe, ya kuondoka Entebbe bila kutua na kwenda kiwanja kingine, na bado ya kukaa angani nusu saa baada ya hapo.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinataka mafuta yahesabiwe kwa mafungu. Kuna ya kutembea ardhini kutoka maegesho hadi njia ya kurukia, kisha ya safari yenyewe, kisha ya tahadhari, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya mafuta ya safari au kiasi cha kukaa angani dakika 5, lolote lililo kubwa zaidi. Kuna fungu la kuifikisha ndege kwenye kiwanja mbadala endapo kiwanja inachokwenda kitakuwa hakifai. Chini kabisa ya tangi kuna akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege za jeti ni dakika 30 za kuzunguka taratibu mita 450 juu ya kiwanja. Juu ya yote hayo rubani ana ruhusa ya kuongeza kwa kadiri ya busara yake, na rubani anayeijua Entebbe ya mwezi wa nne huongeza, kwa sababu ziwa letu hupika radi kama chungu kilichosahaulika jikoni.

Tuchukue mfano wa namba nilizozichagua kwa urahisi wa kujumlisha tu. Tuseme safari ya Nairobi hadi Entebbe inahitaji kilo 2,400. Asilimia 5 yake ni kilo 120, lakini dakika 5 za kukaa angani ni kilo 150, kwa hiyo tunachukua 150. Kutoka Entebbe hadi kiwanja mbadala, ambacho tuseme ni Nairobi kwenyewe, ni kilo 2,200. Akiba ya mwisho ni kilo 900, na kutembea ardhini kilo 150. Jumla ni kilo 5,800, yaani zaidi ya mara mbili ya mafuta ya safari yenyewe. Rubani akiongeza kilo 900 nyingine kwa sababu ya mawingu yaliyotabiriwa, amejinunulia nusu saa ya kuzunguka, na nusu saa hiyo ndiyo iliyokumalizia rozari. Kipimo cha tangi kinaposhuka hadi kilo 3,100, ambazo ni za kwenda kiwanja mbadala na za akiba ya mwisho, hana tena la kujadili: ama anatua sasa hivi ama anaondoka. Kurudi kwenu Nairobi, kwa hiyo, hakukuwa dalili ya upungufu wa mafuta. Mlirudi kwa mafuta yaliyotengwa kwa ajili hiyo hiyo.

Juu ya nani huamua: kompyuta ya ofisini hutoa hesabu, mpangaji wa safari huihakiki, na rubani mkuu huipokea kwa sahihi yake. Anaweza kuomba zaidi, na hakuna meneja mwenye haki ya kumlazimisha abebe chini ya kiwango cha kanuni. Akiwa angani akaona kwamba ucheleweshaji wowote mpya utamfanya aguse akiba ya mwisho, huwaambia waongozaji wa ndege maneno mawili ya Kiingereza, "Minimum fuel". Akiona kwamba hakika ataigusa, hutamka "Mayday" mara 3 na kumalizia kwa neno "Fuel", na hapo kila ndege nyingine humpisha.

Maneno hayo yamewekwa kwa makini kwa sababu kukosekana kwake kumeshaua watu. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya shirika la Avianca iliyotoka Kolombia ilisubirishwa zaidi ya saa moja kabla ya kuruhusiwa kukaribia New York. Marubani walisema wanaishiwa mafuta na wanaomba kipaumbele, lakini hawakutamka kwamba wako katika hali ya dharura, na waongozaji waliwahudumia kama wasafiri wengine wenye haraka. Injini zilizimika, ndege ikaanguka Cove Neck, na watu 73 wakafa.

Swali, kutoka Mbale: Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Huwaambia wanafunzi kwamba ndege kubwa iliwahi kuishiwa mafuta angani kwa sababu mtu alizidisha kwa namba isiyo yake. Juzi mwanafunzi mmoja akaniuliza: kama ndege ilikuwa na kompyuta, kompyuta ilikuwa wapi? Nilikosa jibu.

Jibu: Mwanafunzi huyo mtunze, Mwalimu. Swali lake ndilo lililoulizwa na tume ya uchunguzi nchini Kanada, na hesabu yake inafaa kuandikwa ubaoni yote.

Ilikuwa tarehe 23 Julai 1983. Boeing 767 ya Air Canada, ndege mpya wakati huo, ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton kwa kupitia Ottawa. Kifaa cha kupima mafuta kwenye matangi kilikuwa kimeharibika, na vioo vyake katika chumba cha marubani havikuonyesha kitu. Mafundi wakafanya kile ambacho dereva wa teksi pale Old Taxi Park hufanya geji inapokufa: wakapima kwa kijiti. Kijiti kikasema kuna lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Swali likawa, lita hizo ni kilo ngapi?

Kanada ilikuwa katikati ya kuhama kutoka ratili kwenda kilo, na ndege hiyo ilikuwa ya kwanza katika shirika lao kuhesabiwa kwa kilo. Lita moja ya mafuta ya ndege ilikuwa na uzito wa kilo 0.803. Karatasi waliyozoea ilikuwa na namba 1.77, ambayo ni uzito wa lita hiyo hiyo kwa ratili. Wakazidisha 7,682 kwa 1.77, wakapata 13,597, wakaziita kilo. Wakatoa hizo katika 22,300, ikabaki 8,703, wakagawanya tena kwa 1.77, na wakaongeza takriban lita 4,917. Waambie wanafunzi warudie kwa 0.803. Watapata kwamba ndege ilikuwa na kilo 6,169 tu, na kwamba ilihitaji kuongezewa zaidi ya lita 20,000. Iliondoka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa. Kule Ottawa walipima tena kwa kijiti, wakazidisha tena kwa 1.77, na jibu likakubaliana na lile la kwanza. Lingeachaje kukubaliana?

Sasa kompyuta ilikuwa wapi? Ilikuwepo, nzima, ikifanya kazi. Kwa kuwa vipimo vya matangi vilikuwa vimekufa, marubani waliiandikia kwa mkono kwamba ndege ina kilo 22,300, na tangu hapo ikawa inapunguza kutoka katika namba hiyo kwa uaminifu kamili. Ilijua mafuta kiasi gani yametumika. Haikuwa na njia yoyote ya kujua yaliyomo. Juu ya futi 41,000 pampu zikaanza kulia kwamba hazipati mafuta, huku kompyuta ikionyesha kuwa yamo ya kutosha hadi Edmonton. Injini moja ilizimika, kisha ya pili, na pamoja nazo umeme mwingi wa chumba cha marubani.

Watu 69 waliokuwamo walinusurika wote, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu na rubani mkuu, Bob Pearson, ambaye kwa bahati alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege ndogo zisizo na injini. Aliielesha 767 kama kaloli, yule korongo mkubwa wa Kampala, anavyoelea juu ya jaa bila kupiga bawa, akaitua kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga mjini Gimli, uliokuwa umegeuzwa njia ya mashindano ya magari. Msaidizi wake, Maurice Quintal, alikuwa amewahi kutumikia jeshi pale pale.

Kuna jambo jingine, Mwalimu, ambalo huwa halisimuliwi pamoja na kisa hiki. Katika ndege za zamani alikuwapo mtu wa tatu, mhandisi wa ndege, ambaye kuhesabu mafuta ilikuwa kazi yake. Boeing 767 ilipokuja na kompyuta zake, mtu huyo aliondolewa, na kazi yake ya kugeuza lita kuwa kilo haikukabidhiwa kwa mtu yeyote kwa uwazi. Mafundi walidhani marubani wanaijua, na marubani walidhani mafundi wanaijua. Mimi hulaumu pengo hilo kuliko ninavyoilaumu ile 1.77.

Kama wanafunzi watataka kisa cha pili, wape hiki kifupi. Tarehe 12 Julai 2000 ndege ya Airbus A310 ya shirika la Hapag-Lloyd ilitoka Krete kwenda Hannover. Magurudumu yakagoma kukunjika. Marubani wakaendelea na safari, wakiitazama kompyuta iwaambie mafuta yatawafikisha wapi. Programu ya kompyuta hiyo ilikadiria matumizi ya mbele kana kwamba magurudumu yamekunjwa vizuri, ilhali nje yalikuwa yananing'inia na kuukokota upepo. Kila walipoitazama, kiwanja walichoweza kukifikia kilikuwa kimesogea karibu zaidi. Mafuta yaliisha wakiwa wanaikaribia Vienna, na ndege ikaangukia nyasi kabla ya kufika mwanzo wa njia ya kutua. Hakuna aliyekufa.

Swali, kutoka Kikuubo, Kampala: Mimi hununua nguo Dubai na Guangzhou. Mara mbili mizigo yetu imeachwa, na mfanyakazi wa shirika akatuambia kwamba ndege "imebeba mafuta mengi". Mzee, mafuta ndiyo yanayolipa nauli au sisi? Kwa nini wasipunguze mafuta wakachukua mizigo?

Jibu: Pole kwa hasara, najua nguo za Krismasi zikifika Januari ni mitumba. Lakini usiombe wapunguze yale ya kanuni. Ndege ina uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kuruka nao, na uzito huo unagawanywa kati ya ndege yenyewe, watu, mizigo na mafuta. Siku ambayo upepo wa mbele ni mkali, au kiwanja mbadala kilicho salama kiko mbali, mafuta huongezeka, na kinachoweza kupunguzwa ni mizigo tu. Viwanja vya juu huongeza tatizo: Entebbe iko takriban mita 1,155 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko juu zaidi, na hewa nyepesi huipunguzia ndege nguvu ya kunyanyua. Njia ya kurukia ya Entebbe, yenye mita 3,658, inasaidia sana, lakini haiondoi hesabu.

Ila kuna mafuta mengine ambayo una haki ya kuyanung'unikia. Mafuta ya ndege yanayouzwa hapa kwetu hushushwa Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi magharibi mwa Kenya, na humalizia safari kwa malori kupitia Malaba au Busia. Yakifika Entebbe yamekwisha kulipiwa njia yote hiyo. Baadhi ya mashirika, kwa hiyo, huona nafuu kuyabeba kutoka yanakouzwa kwa bei ya chini, ili yasinunue mengi hapa. Hili ni suala la biashara, si la usalama, na kompyuta ndiyo inayopima kama faida ipo, kwa sababu kubeba mafuta nako kunakula mafuta: katika safari ya saa nane au tisa, kama ile ya Entebbe hadi London, kati ya robo na theluthi ya kila tani ya ziada huteketea kwa kubebwa tu. Kama mzigo wako uliachwa kwa ajili ya mafuta ya aina hii, lalamika, na uulize kwa maandishi. Nchi isiyo na bahari imezoea kulipia masafa. Mwaka 1976 hata ndege za Israeli zilizowachukua mateka wa Entebbe zililazimika kujaza mafuta Nairobi kabla ya kurudi kwao.

Umeuliza pia, katika sehemu niliyoikata, kwa nini wanahangaika na kila kilo ya begi. Kwa sababu uzito ndio unaoanzisha hesabu zote. Tarehe 20 Machi 2009, ndege ya Emirates iliyokuwa inaondoka Melbourne kwenda Dubai iliandikiwa katika kompyuta uzito wa tani 262.9 badala ya 362.9. Tarakimu moja. Kompyuta ikatoa nguvu ya injini na mwendo wa kurukia wa ndege nyepesi kwa tani 100, na ndege ikakwaruza mkia kwenye njia, ikapita mwisho wake na kunyanyuka kwa shida. Julai 2020 nchini Uingereza, programu mpya ya kuandikisha abiria ya shirika la TUI iliwasoma wanawake wote walioandikwa "Miss" kuwa ni watoto, ikawapa kilo 35 badala ya 69. Ndege iliyotoka Birmingham kwenda Palma ilikuwa na wanawake 38 wa aina hiyo, na iliruka ikiwa nzito kwa kilo 1,244 kuliko karatasi yake ilivyosema. Aliyeiandika programu hiyo alitoka mahali ambapo neno hilo huitiwa msichana mdogo. Nimewaza mara nyingi programu ya namna hiyo ingefanya nini na mama zetu wa Kikuubo.

Swali, kutoka Makerere: Shikamoo Mzee. Ninasoma uhandisi wa programu. Mwalimu wetu anasema makosa yote ya kupanga safari ni ya binadamu anayeingiza data, na kwamba siku kompyuta zitakapozungumza zenyewe kwa zenyewe makosa yatakwisha. Unakubali?

Jibu: Marahaba. Sikubali, ingawa nakubali nusu ya kwanza zaidi ya nusu ya pili.

Programu ya kupanga safari huchukua uzito wa ndege, njia zilizo wazi, utabiri wa upepo na joto la juu, tabia za injini za ndege hiyo hiyo na si pacha wake, kisha huzunguka hesabu mara kadhaa, maana mafuta yana uzito na uzito unataka mafuta. Kuzidisha na kujumlisha haikosei. Inaweza, hata hivyo, kuwa sahihi juu ya dunia ambayo haipo tena. Mimi nilifanya kazi ya kupanga safari kwa miaka mingi, kwa muda fulani katika shirika dogo la mizigo ambalo sitalitaja. Usiku mmoja kompyuta ilitoa mpango mzuri kabisa, na mafuta yake yalikuwa machache kiasi cha kufurahisha wenye mali. Kilichonishtua ni kwamba upepo wa kila kituo, yaani kila alama ya njia angani, ulikuwa sawasawa na ule wa jana yake, hadi tarakimu ya mwisho, na upepo haurudi hivyo. Utabiri mpya haukuwa umeingia. Programu ilikuwa imechukua wa zamani bila kusema neno. Sikugundua kwa sababu ya akili nyingi. Nilikuwa na daftari la kurasa zilizochakaa, ambamo kila safari iliyorudi niliandika ilichoma nini, na mpango wa usiku ule haukufanana na ukurasa wowote.

Alichosema mwalimu wako juu ya binadamu kinathibitishwa na ajali ya Erebus. Shirika la Air New Zealand lilikuwa likipeleka watalii kuitazama Antaktika kutoka angani. Njia ilipoingizwa kwenye kompyuta ya ardhini, longitudo ya kituo cha mwisho iliandikwa nyuzi 164 badala ya 166, na kwa kosa hilo njia ikapita juu ya mlango wa bahari ulio tambarare, mbali na mlima. Marubani wakafundishwa njia hiyo. Kisha, saa chache kabla ya safari ya tarehe 28 Novemba 1979, mtu akalisahihisha kosa. Hakuwaambia marubani. Njia iliyosahihishwa ilipita moja kwa moja juu ya Mlima Erebus, wenye urefu wa karibu mita 3,800, na watu wote 257 waliokuwamo wakafa. Angalia vizuri: kwenye karatasi, kompyuta ilikuwa sahihi zaidi siku ya ajali kuliko ilivyokuwa kabla yake.

Lakini kompyuta kuzungumza zenyewe? Tarehe 28 Agosti 2023 mfumo wa Uingereza wa kupokea mipango ya safari ulipokea mpango wa ndege iliyotoka Los Angeles kwenda Paris. Hakuna mtu aliyeandika chochote vibaya. Katika njia hiyo kulikuwa na vituo viwili vyenye jina moja, DVL, kimoja Deauville nchini Ufaransa na kingine Devils Lake nchini Marekani, maelfu ya maili mbali. Programu ilishindwa kuelewa ndege inaingia na kutoka wapi katika anga la Uingereza, na kwa kuwa ilijengwa isikisie, ikajizima. Mfumo wa akiba ukachukua kazi, ukasoma mpango ule ule kwa programu ile ile, ukajizima pia. Abiria zaidi ya 700,000 walivurugiwa safari. Hakuna aliyeumia, na kwa kujizima nausifu. Mfumo unaokataa ni bora kuliko unaobahatisha. Kosa lao ni kudhani kwamba nakala ya pili ya wazo moja ni maoni ya pili. Mjengee mteja wako uhakiki unaotoka njia tofauti kabisa, hata kama njia hiyo ni daftari la mzee.

Swali, kutoka Gulu: Sisi wapenzi wa kandanda bado tunawalilia Chapecoense wa Brazil. Ile ndege yao iliishiwaje mafuta? Kompyuta haikuwaonya?

Jibu: Hapa msimtafute kompyuta. Ndege ya LaMia aina ya Avro RJ85 iliondoka Santa Cruz, Bolivia, kwenda Medellín tarehe 28 Novemba 2016, na mpango wake wa safari ulikuwa na mistari miwili iliyotosha kuisimamisha: muda wa safari, saa 4 na dakika 22, mafuta yaliyomo, ya saa 4 na dakika 22. Rudini kwenye jibu la msomaji wa Kitooro muone mafungu mangapi hayapo. Afisa wa kiwanja alilihoji hilo, lakini ndege ikaondoka. Karibu na Medellín waliwekwa wasubiri kwa sababu ndege nyingine ilikuwa na tatizo, na rubani akachelewa kusema wazi hali yake. Watu 71 walikufa kati ya 77. Kwa hiari yangu ningeliondoa kisa hiki kwenye orodha ya makosa ya hesabu, maana namba zote mbili zilikuwa sahihi na zilisomwa na watu.

Swali, kutoka Jinja: Tuliokuwa watu wazima mwaka 1988 tunaikumbuka ndege ya Uganda Airlines iliyoanguka Roma. Hadi leo kwenye matanga husemwa kwamba iliishiwa mafuta. Ni kweli, Mhariri?

Jibu: Si kweli, mzee wangu. Boeing 707 hiyo ilikuwa inatoka London kuja Entebbe, na usiku wa kuamkia tarehe 17 Oktoba 1988 ilijaribu kutua Roma katika ukungu mzito. Ilishindwa mara mbili katika njia moja, ikaelekezwa njia nyingine, na katika jaribio la tatu ikashuka chini ya kimo kilichoruhusiwa bila marubani kusomeana vizuri kimo walichofikia. Kati ya watu 52, walikufa 33. Nadhani uvumi wa mafuta ulitokana na kule kuzunguka na kurudi mara kadhaa, ambako kwa aliye chini huonekana kama mtu anayetafuta pa kuangukia. Wachunguzi waliandika juu ya kimo, ukungu na maandalizi ya marubani.